Jinsi ya kupima mawimbi ya polepole kwa osiloskopu ya dijitali bila kudanganywa na skrini

Osiloskopu (skopu kwa kifupi) ni chombo kinachochora volti zinavyobadilika kwa muda. Nyingi za dijitali hutoka kiwandani zikitarajia wimbi linalojirudia mara maelfu kwa sekunde. Ipe wimbi la hezi 1, yaani linalojirudia mara moja tu kwa sekunde, na karibu kila kinachokurahisishia kazi siku nyingine kinageuka kikwazo. Ukibonyeza kitufe cha AUTO, kinachoiachia skopu ijipange yenyewe, inahangaika kidogo kisha inakuambia haijaona kitu. Ukiipanga mwenyewe harakaharaka, mchoro unarukaruka na namba ya masafa (wimbi linajirudia mara ngapi kwa sekunde) iliyo pembeni haitulii. Chombo ni kizima. Kinachotakiwa ni kuinyang'anya skopu uamuzi, kitu kimoja baada ya kingine, na kukubali kusubiri.

Mfano nitakaoutumia ni chipu ya 555, taima inayowasha na kuzima taa ya LED, kwa sababu karibu kila anayejifunza elektroniki amewahi kuichomeka kwenye bredibodi. Mwishoni nitahamia kwenye chipu ya saa, ambako mambo yanakuwa magumu kweli. Njia ni ileile kwa flasha ya indiketa ya gari (kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka imulike mara 90 kwa dakika, ikizidi au kupungua kwa 30), kwa rilei ya pampu, na hata kwa kihisi cha mapigo ya moyo.

Anza na hesabu, skopu baadaye

Usiguse skopu kabla hujajua unatafuta nini. Kwa 555 yenye rezista ya juu ya kiloomu 10, ya chini ya kiloomu 68 na kapasita ya maikrofaradi 10, kipindi, yaani muda wa mrudio mmoja, ni 0.693 × (10,000 + 2 × 68,000) × 0.00001, yaani takriban sekunde 1.01. Kati ya hizo, pini ya kutolea inakaa juu kwa sekunde 0.54 na chini kwa sekunde 0.47.

Kapasita za aina hii kwa kawaida huruhusiwa kukosea asilimia 20 kwenda juu au chini. Kwa hiyo jibu lolote kati ya sekunde 0.8 na 1.2 ni la kawaida. Ukisoma 0.1 au 10, tatizo lipo kwenye mipangilio yako wala si kwenye kapasita.

Probu, na mahali pa kuigusisha

Weka swichi ya probu (waya wenye ncha ya kugusia saketi) kwenye 10X, hali inayogawanya volti kwa kumi, kisha ingia kwenye menyu ya chaneli (tundu unalochomeka probu) na uiambie skopu nayo kwamba ni 10X. Zikipishana, volti zote utakazosoma zitakuwa zimezidishwa au kugawanywa kwa kumi. Igusishe kwenye kile kijino cha majaribio kilicho usoni pa skopu, kinachotoa wimbi la mraba la kilohezi 1, na uzungushe skrubu ndogo ya probu hadi pembe za mraba zinyooke. Wimbi la polepole halijali sana marekebisho hayo, ila kingo zake, pale linaporuka juu au chini, zinajali, na kingo ndizo tutakazopima.

Klipu ya ardhi ya probu imeungana na ardhi ya soketi ya ukutani kupitia mwili wa skopu. Kwa saketi ya betri hakuna neno. Kwa saketi iliyoshikana moja kwa moja na umeme wa nyumbani, usiibane popote.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hulipita. Mtu akitaka kuona 555 inavyofanya kazi hupenda kugusa kapasita, pini 2 na 6, aone volti zikipanda na kushuka. Kwa rezista za kiloomu 68 hakuna madhara makubwa. Lakini ukijenga taima kwa rezista za kujazia zenye jumla ya megaomu 1 na kapasita ya maikrofaradi 1, probu yenyewe inaingia kwenye saketi. Ikiwa kwenye 1X, skopu ni megaomu 1 kwenda ardhini. Inagawana volti nusu kwa nusu na rezista zako, kapasita haivuki nusu ya volti za betri, na 555 inasubiri theluthi mbili ndipo igeuke. Taima inasimama palepale ulipoigusa! Ukihamia 10X, ambayo ni megaomu 10, haisimami, ila muda wa kujaa unatoka sekunde 0.69 hadi karibu 0.79. Hapo unapima kwa makini kabisa kitu ambacho kipimo chenyewe kimeshakibadilisha.

Gusa pini 3, ile ya kutolea. Ina nguvu ya kubeba probu bila kutikisika.

DC, siku zote DC

Kwenye menyu ya chaneli kuna chaguo la AC au DC. Wengi huchagua AC kwa mazoea, hasa waliozoea kutafuta kelele kwenye pawasaplai. Chaguo la AC linaweka kapasita njiani, na kapasita hiyo inakata kila kilicho chini ya hezi chache. Tuseme kikomo chake ni hezi 5 ukiwa na probu ya 1X. Pini 3 ikipanda na kukaa juu nusu sekunde, skrini itaonyesha mruko mkali kisha mteremko unaorudi kwenye sifuri kabla hata robo sekunde haijapita. Utaapa kwamba 555 inatoa miiba badala ya mraba. Probu ya 10X inashusha kikomo hicho karibu mara kumi, kwa hiyo miiba inageuka kuwa miraba yenye mabega yaliyoinama. Hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu inafanana na saketi inayochoka.

Ukilazimika kuona mtetemo mdogo wa polepole juu ya volti nyingi, baki kwenye DC na ushushe mchoro kwa kitufe cha kuzungusha cha wima hadi sehemu unayoitaka iingie skrini.

Kuhusu wima sina mengi. Skopu ya kawaida ina biti 8, yaani ngazi 256 kutoka chini hadi juu ya skrini. Kwa miraba (visanduku vya skrini) minane ya volti 1, ngazi moja ni kama volti 0.03, kwa volti 5 kwa mraba, ngazi ni kama volti 0.16. Basi lijaze wimbi lako skrini bila kulikata kichwa wala miguu.

Muda wa skrini na kumbukumbu

Kasi ya kuchukua sampuli, yaani skopu inapima volti mara ngapi kwa sekunde, iliyoandikwa kwenye boksi la skopu, labda gigasampuli 1 kwa sekunde, haikuhusu hapa. Kwenye wimbi la polepole, kasi halisi ni idadi ya pointi za kumbukumbu ukigawanya kwa muda ulioko skrini.

Chukua skopu yenye miraba 12 kwa upana. Ukiweka milisekunde 200 kwa mraba, skrini inabeba sekunde 2.4. Kumbukumbu ikiwa imewekwa kwenye pointi 12,000, unapata sampuli 5,000 kwa sekunde, moja kila milisekunde 0.2. Ukiipandisha hadi pointi milioni 12, unapata sampuli milioni 5 kwa sekunde. Wimbi ni lilelile, skrini ni ileile, ila umepata undani mara elfu. Kwa hiyo ingia kwenye menyu ya kuchukua data, uondoe uamuzi wa moja kwa moja kuhusu kina cha kumbukumbu, na uweke kikubwa kabisa. Skopu itakuwa nzito kidogo kujibu vitufe. Ivumilie.

Kasi ndogo ina hatari nyingine isiyojitangaza. Wimbi la hezi 1,001 likichukuliwa sampuli 1,000 kwa sekunde litachorwa skrini kama wimbi safi la hezi 1. Hakuna dalili ya kosa. Ni mchoro mzuri, laini, wa uongo. Dawa yake ni kubadilisha muda kwa mraba: wimbi la kweli litabanana au kutanuka kwa kiasi kilekile ulichozungusha, la uongo litaruka na kuwa kitu kingine. Fanya hivyo kila unapoona wimbi la polepole ambalo hukulitarajia.

Ukishuku kuna vijimwiba vyembamba katikati ya kimya, kama vile vya koili ya rilei inapokatwa, washa hali ya Peak Detect. Ndani ya kila pointi inayohifadhiwa, skopu inashika cha juu kabisa na cha chini kabisa, kwa hiyo mwiba haupiti katikati ya sampuli mbili.

Ukiendelea kupunguza kasi, mara nyingi kuanzia milisekunde 100 au 200 kwa mraba, skopu huingia yenyewe kwenye hali ya Roll, mchoro unatiririka kutoka kulia kwenda kushoto. Ni hali nzuri ya kuangalia kama kitu kipo hai. Kupimia siipendekezi, kwa kuwa humo triga, kinachoiambia skopu ianze kuchora wapi, haifanyi kazi. Izime kwenye menyu ya mlalo.

Triga

Hapa ndipo kipimo cha polepole kinapofaulu au kuharibika.

Triga ikiwa kwenye AUTO (si kile kitufe cha mwanzo, ni hali ya triga), skopu inasubiri ukingo kwa muda mfupi. Usipotokea, inachora chochote kilichopo. Kwa wimbi linaloleta ukingo mmoja kwa sekunde, subira hiyo inaisha kabla ya ukingo kufika. Ndiyo maana mchoro unarukaruka: kila mara skopu imekata tamaa mahali tofauti ndani ya kipindi. Weka NORMAL. Sasa itachora pale tu ukingo unapofika, na kati ya mchoro na mchoro skrini itakaa kimya. Kimya hicho si kuganda. Kwa skrini ya sekunde 2.4, hesabu sekunde mbili tatu kabla ya kuanza kubonyeza vitu.

Kisha panga mambo haya. Chanzo cha triga kiwe chaneli uliyoichomeka. Inachekesha jinsi linavyosahaulika. Mwelekeo uwe ukingo wa kupanda. Kiwango kiwe katikati ya wimbi, volti 2.5 kama linakwenda kutoka 0 hadi 5. Na ndani ya menyu ya triga kuna chaguo jingine la AC au DC, tofauti na lile la chaneli: nalo liwe DC. Chaguo la kukataa masafa ya chini, lililoandikwa LF Reject, lisiwe limewashwa, maana kwa wimbi kama letu linaiziba triga masikio.

Sogeza alama ya triga hadi mraba wa kwanza au wa pili kutoka kushoto. Ikiwa katikati, nusu ya skrini inatumika kukuonyesha yaliyopita, na kwa wimbi la polepole hiyo ni nusu ya kumbukumbu na nusu ya subira yako.

Pini 3 ina kingo kali, haina matata. Kwa wimbi linalopanda taratibu, kama volti ya kapasita au ya kihisi cha joto, kelele inakuwa tatizo. Mkunjo unapopita kwenye kiwango cha triga unatetemeka, unakivuka kwenda juu, chini, juu tena, na skopu inahesabu kila mvuko. Washa HF Reject ili triga isisikie mtetemo wa haraka. Kama haitoshi, tumia Holdoff: ni muda ambao skopu inaziba masikio baada ya kutrigi. Kwa kipindi cha sekunde 1.01, Holdoff ya sekunde 0.9 inafaa, kwa sababu inapita vurugu zote za kipindi hiki na kuisha kabla ukingo unaofuata haujafika. Ukiifanya sekunde 1.1 utakuwa unaruka kipindi kimoja kila mara bila kujua.

Kusoma namba

Ile namba ya masafa inayotokea yenyewe skrini, mimi huichukua kama fununu. Baadhi ya skopu huikokotoa kutoka kwenye pointi zinazochorwa skrini badala ya kumbukumbu nzima. Pointi 1,200 zikitandazwa kwenye sekunde 2.4, moja ni milisekunde 2, yaani kosa la asilimia 0.2 kwa kipindi cha sekunde moja, hata kama skopu inakuandikia tarakimu sita baada ya nukta.

Pima hivi. Weka sekunde 1 kwa mraba, kumbukumbu kubwa kabisa, triga kwenye SINGLE (inachora mara moja tu kisha inasimama), usubiri sekunde 12 zipite. Umepata zaidi ya vipindi kumi kwenye picha moja isiyobadilika. Washa kasa mbili za wima, yaani mistari ya kupimia unayoisogeza skrini. Kuza mchoro kwenye ukingo wa kwanza wa kupanda na uweke kasa ya kwanza pale unapokatiza volti 2.5. Nenda kwenye ukingo wa kumi na moja, ukuze tena, uweke kasa ya pili kwenye volti zilezile. Tofauti igawanye kwa kumi.

Naam, kumi na moja. Vipindi kumi vina kingo kumi na moja, kama vile uzio wa nafasi kumi unavyohitaji nguzo kumi na moja, na anayehesabu kingo kumi atapata kipindi kilichopungua kwa asilimia 10 bila skopu kumwonya. Ukipata jibu lililo karibu na sehemu tisa ya kumi ya ulilotegemea, rudi uhesabu.

Kwa pointi milioni 12 katika sekunde 12, kila pointi ni maikrosekunde 1. Kosa la kuweka kasa linagawanyika kwa vipindi kumi, kwa hiyo linabaki kidogo mno.

Mapigo ya kwanza baada ya kuwasha saketi yaache. Kapasita ya 555 inaanzia volti sifuri, ilhali baadaye inazunguka kati ya theluthi moja na theluthi mbili, kwa hiyo pigo la kwanza ni refu: mara 1.1 ya rezista kwa kapasita, badala ya mara 0.69. Washa, acha lipite, ndipo ubonyeze SINGLE.

Kupunguza kelele bila kuharibu ukingo

Hali ya Average inajumlisha michoro mingi na kutoa wastani. Michoro 16 inapunguza kelele mara 4, 64 mara 8. Kwa wimbi letu, michoro 64 yenye skrini ya sekunde 2.4 ni zaidi ya dakika mbili na nusu za kukaa ukitazama. Tatizo kubwa ni jingine. Kipindi cha 555 hakifanani sawasawa kila mara, hasa betri ikiwa inayumba. Ukingo uliotrigi utaonekana mkali kwa kuwa michoro yote imefungwa pale, lakini ukingo wa mbali utakuwa umepakwa kama wino uliolowana. Anayeusoma huo atadhani saketi inageuka taratibu.

High Resolution inafaa zaidi. Inachukua sampuli kwa kasi kubwa na kutoa wastani wa zilizo jirani, ndani ya mchoro uleule mmoja. Wimbi likiwa la polepole, sampuli za ziada zipo tele. Ila usiiwashe pamoja na kutafuta miiba, maana itaifuta.

Unapofika mwisho wa uwezo wa skopu yenyewe

Skopu nyingi za bei nafuu zina kristali ya ndani inayoruhusiwa kukosea sehemu 25 kwa kila milioni. Kwa 555 hilo halina maana yoyote. Lakini chukua chipu ya saa ya DS3231, ambayo mtengenezaji wake anaahidi kosa lisilozidi sehemu 2 kwa milioni kati ya nyuzi 0 na 40 za Selsiasi. Ukiipima kwa kasa, jibu litakuwa kosa la skopu yako. Sehemu 25 kwa milioni ni zaidi ya sekunde 2 kwa siku. Sehemu 2 ni chini ya sekunde 0.2.

Njia ya kutoka ni kuacha kuitumia skopu kama saa, na kuitumia kama shahidi kati ya saa mbili. Tafuta moduli ya GPS yenye pini ya PPS. NEO-6M, ikishapata satelaiti, hutoa pigo moja kwa sekunde lenye usahihi wa nanosekunde makumi. Kwenye baadhi ya moduli za bei rahisi pini hiyo haikutolewa nje, inaishia kwenye LED. Itabidi uungie waya mwembamba hapo.

DS3231 nayo haitoi hezi 1 yenyewe. Andika 0x00 kwenye rejista ya 0x0E, na uweke rezista ya kiloomu 10 kutoka pini ya SQW, inayotoa wimbi la mraba, kwenda volti chanya kama moduli haina. Pini hiyo inavuta kwenda chini tu. Kupanda inaachia rezista. Ndiyo maana ukingo wake wa kushuka ni mkali kuliko wa kupanda, na huo ndio wa kupimia. Kwa PPS tumia wa kupanda.

Chaneli 1 iwe PPS, nayo ndiyo ya triga. Chaneli 2 iwe SQW. Milisekunde 100 kwa mraba, kumbukumbu kubwa, SINGLE. Pima pengo kati ya ukingo wa PPS na ukingo wa kushuka wa SQW, uliandike. Subiri sekunde 1,000 kwa simu yako, yaani dakika 16 na sekunde 40, kisha urudie palepale. Saa iliyokosea sehemu 2 kwa milioni itakuwa imesogea milisekunde 2. Kosa la kristali ya skopu linaingia mara zote mbili karibu kwa kiasi kilekile na kufutana; linalobaki ni sehemu 25 kwa milioni za hizo milisekunde 2 tu, ambazo ni nanosekunde 50. Hata ukichelewa sekunde moja kubonyeza, jibu linapotoka kwa sehemu moja ya elfu.

Ukikuta imesogea milisekunde 4 au 5, usikimbilie kuilaumu GPS wala rezista. Soma kwa lenzi maandishi yaliyo mgongoni mwa chipu. Ikiwa ni DS3231M, hiyo ni aina nyingine isiyotumia kristali, na yenyewe inaruhusiwa sehemu 5 kwa milioni.